Kumjenga Mwizi Mwenye Viinimacho: Niliyojifunza kwa Kumcheza Kiroboto

Anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba mhusika wangu katika mchezo wa Dungeons & Dragons ni mwizi mwenye uchawi kidogo huniuliza kwanza pigo lake lina uzito gani, nami humjibu kwamba swali hilo linamfaa mpiganaji mwenye ngao na shoka. Kiroboto, maana hilo ndilo jina lake, alijengwa kwa kazi nyingine: kuingia mahali asiporuhusiwa, kuchukua kinachotakiwa au kuacha kinachotakiwa kuachwa, kisha kutoka kabla mtu hajajua kwamba palikuwa na mgeni. Nimemcheza tangu ngazi ya kwanza hadi ya tisa (ngazi ni hatua za ukuaji ambazo mhusika hupanda kadiri mchezo unavyoendelea), na karibu yote niliyojifunza kwake yanazunguka jambo moja ambalo nililielewa kwa kucheza zaidi ya kusoma kanuni, kwamba mhusika wa siri hufaulu pale mchezaji wake anapokuwa mtu asiyeficha chochote mezani.

Kwa wasioufahamu mchezo wenyewe, ulitoka Marekani mwaka 1974, ukiwa kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mtu mmoja husimamia hadithi, akawa ndiye walinzi, wafalme, majoka na hata hali ya hewa, na kila mmoja wa waliobaki huchukua mhusika wake. Jambo likiwa na shaka, hurushwa dadu ya pande 20, uwezo wa mhusika huongezwa juu yake, na jumla ikifikia kiwango kilichowekwa, jambo hilo hufaulu. Mwizi hakuwamo katika toleo la mwanzo, bali aliingizwa mwaka 1975 na kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk. Toleo la tano la mwaka 2014, ambalo kundi letu la Nairobi bado linalitumia, lina fani ya Rogue, yaani mwizi, na ndani ya fani hiyo kuna tawi la Arcane Trickster, ambalo mwizi anaweza kulichagua afikapo ngazi ya tatu na kuanza kuokota uchawi kutoka katika orodha ya wachawi wasomi. Msimamizi wetu tunamwita dada, kwa kuwa ametuzidi sote umri na subira. Tuliwahi kuchezea mkahawani, lakini maneno kama "nimebakiwa na uchawi mmoja" na "tumfiche wapi yule mlinzi" yaliwafanya wa meza ya jirani wahamishe viti, kwa hiyo siku hizi tunakutana nyumbani kwa dada.

Tawi hili si njia pekee ya kumpata mchawi mnyemeleaji, na nisingependa mtu alichague kwa mazoea. Mhusika wa fani ya Sorcerer, mchawi wa kuzaliwa, anaweza kulipa pointi moja ya nguvu zake akafanya uchawi bila kutamka neno wala kuchezesha mkono, na katika hadithi ya fitina za ikulu, ambako kila mtu anamtazama mwenzake, uwezo huo unashinda kufuli zote zitakazofunguliwa na mwizi. Warlock, mchawi aliyepewa nguvu kwa mapatano, anaweza kupata uwezo wa kubadili sura kila apendapo bila gharama yoyote. Wizard, yaani mchawi msomi, aliyebobea katika viinimacho hufikia uchawi wa daraja la tatu (daraja hupima nguvu ya uchawi, si ya mhusika) akiwa ngazi ya tano, ilhali Arcane Trickster huungoja hadi ngazi ya 13. Nilimchagua mwizi kwa sababu kampeni yetu, yaani hadithi ndefu tunayoicheza kikao baada ya kikao, ilikuwa ya mji wa bandari, wenye maghala, ofisi ya forodha na milango mingi iliyofungwa, na kwa sababu mchawi akiishiwa na nafasi za uchawi, yaani mara anazoweza kuufanya, hubaki raia wa kawaida, lakini mwizi akiishiwa nazo hubaki mwizi. Hizo nafasi zenyewe ni chache mno: katika ngazi ya tatu ana mbili tu za daraja la kwanza, na akizitumia hazirudi hadi alale usiku, wakati mchawi msomi wa ngazi hiyo ana nne za daraja la kwanza na mbili za daraja la pili. Mtu anayejenga mhusika huyu hana budi kuukubali ufukara huo tangu mwanzo na kupanga matumizi yake yote kwa kuuzingatia.

Nambari zake hazikunichukua muda. Tulitumia mgao wa kawaida wa 15, 14, 13, 12, 10 na 8, nambari sita zinazogawanywa kwa uwezo sita wa mhusika, na Kiroboto ni gnome wa msituni, kiumbe mfupi ambaye kanuni za mwaka 2014 humwongezea mbili katika akili na moja katika wepesi. Kwa hiyo alianza na wepesi 16 na akili 16, siha 13, busara 12, mvuto 10 na nguvu 8. Wengi hushauri akili iachwe chini, kwa hoja kwamba mwizi huishi kwa wepesi wake, na kama uchawi wako wote ni wa kujisaidia mwenyewe hoja hiyo ina uzito. Kwa anayetaka kudanganya macho na masikio ya watu, mimi siikubali. Kiwango ambacho adui anapaswa kukifikia ili akitambue kiinimacho ni nane, ukijumlisha ustadi wa ngazi yako, yaani alama zinazokua kadiri ngazi zinavyopanda, ukijumlisha na nyongeza ya akili, yaani alama zinazotokana na nambari yako ya akili. Kwa Kiroboto wa ngazi za mwanzo kilikuwa 13, na kwa mwizi mwenye akili 10 kingekuwa 10. Mlinzi wa kawaida asiye na nyongeza yoyote anakifikia cha kwanza kwa pande 8 kati ya 20 za dadu, na cha pili kwa pande 11. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo inayoamua kama unatoka ghalani kwa kutembea au kwa kukimbia.

Gnome wa msituni ana faida nyingine, nayo ni kwamba huzaliwa akikijua kiinimacho chepesi kiitwacho Minor Illusion, ambacho hakili nafasi yoyote ya uchawi na kinaweza kurudiwa mchana kutwa. Hasara yake ni miguu mifupi, kwani hatua zake kwa zamu moja ni futi 25 badala ya 30, na katika mbio za kutoroka futi tano hizo huonekana.

Sasa nije kwenye kiini cha tawi lenyewe, ambacho ni Mage Hand. Huu ni mkono wa mzuka unaoelea umbali usiozidi futi 30 kutoka kwa mwenyewe, hauwezi kupiga mtu, hubeba hadi ratili 10 na hudumu dakika moja. Wachawi wengi wanaweza kuupata, lakini wa Arcane Trickster anaweza kuufanya usionekane, na yeye huuamuru kwa tendo la ziada huku akiendelea na shughuli nyingine. Hufungua kufuli na kutegua mitego kwa mbali kwa kutumia vifaa vya mwizi, na huchomoa kitu mfukoni mwa mtu akiwa amesimama. Wengi huishia hapo, wakasahau kwamba kanuni zinauruhusu pia kutia kitu katika mfuko wa mtu mwingine bila yeye kujua, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye utajiri. Katika kampeni yetu palikuwa na karani wa forodha aliyekuwa akiuza vibali kwa magendo, na wenzangu walitaka tuibe daftari lake ili tumfichue. Daftari likitoweka, karani anajua kwamba ameibiwa na anaanza kuwatafuta walioliiba. Sisi tulichukua muhuri wa mkuu wake wa kazi, tukauacha mji mzima uutafute kwa siku mbili, kisha mkono wa Kiroboto ukautia katika mkoba wa karani saa chache kabla ya ukaguzi. Kazi iliyobaki ilifanywa na mkuu mwenyewe. Dadu iliyorushwa ilikuwa moja tu, ya wepesi wa mikono dhidi ya utambuzi wa karani, na katika wepesi wa mikono nilikuwa nimeweka ustadi maradufu tangu ngazi ya kwanza, pamoja na kunyemelea.

Mkono huo una masharti ambayo msimamizi makini hatakusamehe. Ili utokee, ni lazima mwenyewe atamke maneno kwa sauti na achezeshe mkono, kwa hiyo hauanzishwi nyuma ya mgongo wa mlinzi. Huanzishwa nje ya ukuta au wakati gari la mizigo linapita, na kuanzia hapo dakika inahesabika, yaani zamu kumi za sekunde sita. Mimi huandika zamu hizo pembeni mwa karatasi na kuzifuta moja moja mbele ya dada, bila kungoja aulize. Tangu nianze kufanya hivyo hatujawahi kubishana kuhusu muda, na nadhani ndiyo sababu hunikubalia mambo ambayo mtu mwingine angekataliwa.

Minor Illusion, kinyume chake, hakihitaji sauti. Kinahitaji mkono uchezeshwe na kipande kidogo cha sufu, basi, na ndiyo maana nakithamini kuliko uchawi mwingi wa madaraja ya juu. Hutoa ama mlio ama taswira, lakini si vyote viwili kwa pamoja: mlio unaweza kuwa mnong'ono au ukelele, na taswira haizidi ujazo wa futi tano kila upande, wala haina sauti, mwanga au harufu. Uzoefu wangu ni kwamba mlio hufanya kazi kuliko taswira. Mlinzi akiona kreti ngeni anaweza kuigusa, na mkono wake ukipenya mchezo umekwisha. Akisikia kopo likianguka upande wa pili wa ghala huenda kutazama, akikuta hakuna kitu hulaumu panya, na mimi nilichotaka ni atoke mlangoni tu. Sharti ni kwamba mlio uwe wa kitu ambacho mahali pale kingetarajiwa kulia. Ghala la nafaka lina panya na paka, kwa hiyo paka akilia hakuna anayechunguza, lakini kicheko cha mwanamke ndani ya ghala hilo hilo usiku wa manane kitawaita walinzi wote na taa zao. Abunuwasi wa hadithi zetu aliwashinda wenye mamlaka kwa kuwapa jambo walilokuwa tayari kuliamini, na kiinimacho kizuri hufuata njia hiyo hiyo.

Taswira nayo ina mahali pake, hasa kwa kiumbe mfupi anayeweza kujikunyata ndani ya kreti ya uongo yenye ujazo wa futi tano. Kwa kuwa yeye anajua kwamba ni uongo, huiona kwa ukungu na kutazama nje kupitia humo, huku walio nje wakiona mbao tupu. Je, kreti ya namna hiyo inatosha kumfanya mtu ahesabiwe kuwa amejificha? Kanuni zinaacha mengi kwa msimamizi, na jambo kama hilo halifai kuulizwa kwa mara ya kwanza wakati panga zimekwisha kuchomolewa. Nilimwuliza dada kabla ya kampeni kuanza, naye akaamua kwamba inatosha mradi mahali penyewe pana kreti nyingine na hakuna aliyeiona ikitokea. Uamuzi huo tumeufuata hadi leo, hata siku uliponiumiza.

Katika ngazi ya tatu mwizi huyu hujifunza aina tatu za uchawi wa daraja la kwanza, na kanuni za mwaka 2014 zinataka mbili kati ya hizo zitoke katika shule, yaani kundi la uchawi, ya viinimacho au ya kuteka akili. Kigezo changu kilikuwa kimoja: kwa kuwa nafasi ni mbili, nisichague uchawi ambao adui anaweza kuukwepa papo hapo kwa bahati ya dadu. Ndiyo sababu niliacha Charm Person, ambao zaidi ya hayo una aibu kubwa kwa mpelelezi, kwani muda wake ukiisha aliyerogwa anajua kwamba alirogwa. Nilichukua Silent Image, taswira kubwa inayoweza kusogezwa. Disguise Self, ambao hubadili sura na mavazi kwa saa moja. Na Find Familiar kwa ile nafasi moja ya hiari. Katika ngazi ya nne niliongeza Sleep, ambao hulaza watu kwa kadiri ya uhai wao bila kuwapa nafasi ya kujinusuru kwa dadu, nikijua kwamba utachakaa maadui watakapokuwa wagumu.

Disguise Self unamruhusu mtu aonekane mrefu au mfupi kwa futi moja tu, na gnome ana futi tatu na kidogo, kwa hiyo Kiroboto hawezi kujifanya askari wala mfanyabiashara wa kimo cha mtu mzima. Anaweza kuwa mtoto, na mtoto katika mji wa bandari hupita kila mahali. Huwa mvulana aliyebeba ndoo ya maji kichwani, ila ndoo hiyo ni ya kweli, kwa sababu uchawi huu hauvumilii kuguswa na mtu ambaye mikono yake imeshika mzigo haombwi mkono wa salamu.

Find Familiar humleta mwandani katika umbo la mnyama, kwa saa nzima ya kazi na ubani na mitishamba ya sarafu 10 za dhahabu. Kwa kuwa Arcane Trickster hawezi kuufanya kama ibada ya bure, humgharimu nafasi ya uchawi, nami huufanya jioni kwa nafasi iliyobaki kabla ya kulala, ili asubuhi niwe na zote. Bundi ndiye anayependekezwa sana, kwani hupita juu ya adui, akamvuruga kwa ajili ya mwenzake na kuondoka bila kupigwa njiani, na hapo mwizi hupata shambulio lake la kuvizia, yaani pigo lenye dadu za ziada. Lakini mwenzetu mmoja hakutaka bundi hata kwa kutajwa, maana kwao bundi akilia juu ya paa watu huanza kuulizana nani mgonjwa. Tulikubaliana awe popo kwa umbo na bundi kwa kanuni, na popo wa ghalani hakuna anayemtazama mara mbili.

Ngazi ya saba ilileta uchawi wa daraja la pili, nami nikachukua Invisibility, ambao humfanya mtu asionekane hadi saa moja, lakini hukoma mara tu anapopiga au kufanya uchawi mwingine. Mpangilio ndio siri yake. Mage Hand huanzishwa kwanza, kisha Invisibility, kwa sababu kuuamuru mkono uliokwisha kutokea hakuhesabiwi kuwa ni kufanya uchawi. Ukigeuza mpangilio, mkono unapotokea nawe unaonekana. Nyayo bado zinasikika, kwa hiyo dadu ya kunyemelea haikwepeki.

Yote haya yanaweza kuwachosha wenzako. Mwizi akienda kupeleleza peke yake kwa nusu saa ya mchezo, watu wanne huchezea simu zao, na sioni namna ya kumlaumu mtu kwa hilo isipokuwa mwizi mwenyewe. Kwetu upelelezi ni mfupi na kila mmoja ana sehemu yake: mpiganaji huanzisha ugomvi wa bei getini, kuhani huomba kuonyeshwa kisima, na Kiroboto hupita katikati ya shughuli hizo. Wizi dhidi ya wenzetu tulikubaliana tangu siku ya kwanza kwamba haupo, hata kama mhusika angependa. Na kwa msimamizi, mimi hutaja nia yangu kabla ya kutaja uchawi. Sisemi "nafanya kiinimacho cha mlio", bali "dada, nataka mlinzi aamini kwamba paka ameangusha kopo, ili aondoke mlangoni nipate kupita." Akijua ninachokitaka, anapima kama kinawezekana na ni dadu gani irushwe. Nikimficha ili nimshtukize, atalazimika kukisia, na msimamizi anayekisia humlinda zaidi mlinzi wake. Mara nyingi huniuliza tu, "Haya, huyo paka yuko upande gani?" na hadithi inaendelea.

Ngazi ya tisa imebadilisha kigezo nilichokitaja. Arcane Trickster sasa akifanya uchawi juu ya adui ambaye hajamwona wala kumsikia, adui huyo hujinusuru kwa kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo. Ongezeko la nambari za uwezo la ngazi ya nne nililiweka kwenye wepesi na la ngazi ya nane kwenye akili, kila kimoja kikafika 18, kwa hiyo kiwango cha uchawi wangu ni 16. Adui mwenye nyongeza ya mbili katika busara angenusurika kwa asilimia 35. Akiviziwa, nafasi hiyo hushuka hadi takriban 12. Ndipo nilipoacha Sleep na kuchukua Hold Person, ambao humgandisha binadamu na viumbe wa jamii yake, na kila pigo linalompata aliyeganda kutoka umbali wa futi tano huwa pigo kuu, hivyo dadu tano za shambulio la kuvizia huwa kumi. Wale wanaouliza kuhusu uzito wa pigo lake hufurahi kusikia hivyo. Mimi nautumia zaidi kumnyamazisha mlinzi wa mwisho kwenye korido, ingawa katika ngazi ya nane nilijiwekea pia Misty Step, unaomhamisha mwenyewe papo hapo hadi mahali pa karibu, kwa siku ambazo hanyamazi.

Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2024 zimeliondoa sharti la shule mbili, na mwizi mpya anaweza kuchukua uchawi wa shule yoyote katika orodha ya mchawi msomi. Akija mtu mezani kwetu na kanuni hizo, nitamshauri abaki na viinimacho hata kama halazimishwi, angalau hadi ngazi ya saba, kwa sababu moto na radi zipo kwa wengine na wana nafasi nyingi zaidi za kuzitumia.

Kiroboto anakaribia ngazi ya kumi, ambayo inampa uchawi mwepesi mmoja wa nyongeza, ule usiokula nafasi. Marafiki wananihimiza nichukue wa kuongeza pigo la upanga. Mpiganaji wetu, ambaye deraya yake nzito humlazimu kubaki nyuma kila tunapoingia mahali kwa siri, ameniomba Message, unaopeleka mnong'ono kwa mtu mmoja hadi futi 120 na kumwezesha kujibu, kwani mwandani wangu huzungumza na mimi tu na yeye amechoka kukaa gizani asijue kinachoendelea. Nimeuandika kwa penseli. Kabla ya kuuandika kwa kalamu, dada anapaswa kuamua kama mlinzi aliyesimama hatua mbili kutoka kwa Kiroboto atausikia mnong'ono huo, na swali hilo tayari nimempelekea.